Kichwa Wazi

Mwalimu Tusajigwe hakuwa na kiboko.
Alikuwa na kalamu nyekundu na swali moja,
na swali lile lilichapa kuliko fimbo ya mpera.

Darasa la sita, Isongole, mwezi wa sita,
ukungu umejaa madirishani pasipo vioo,
sisi watatu watatu kwenye dawati, magoti yamebanana,
vidole vimejificha ndani ya mikono ya sweta,
kimoja tu kikitoka kuandika, kama kobe anayechungulia.

Ukiandika: Bibi aliketi.
Anauliza: Mikono yake ilikuwa wapi?

Anyambilile akajaribu.
Bibi aliketi. Alikuwa na mikono. Mikono ilikuwa magotini.
Tukacheka. Mwalimu hakucheka.
Akalamba kidole, akafuta nukta ubaoni,
akafuta alikuwa, akafuta ilikuwa,
vumbi la chaki likimwangukia kwenye kitenge,
mpaka pakabaki:

Bibi aliketi, mikono magotini,
kiko kimezimika mdomoni,
moshi wa jikoni ukimzunguka kama anayemdai.

"Mmeona? Bibi hajainuka kwenye kigoda.
Sentensi ni ileile moja.
Ila sasa mkimpita, mtamwamkia."

Na siku nyingine, akiwa na mafua, sauti imekwaruza:
"Kitenzi ni mgeni aliyebisha hodi.
Mtaandika amefika, basi, mfunge mlango?
Hana mzigo? Hajalowa?"

Tukatoka nje kutafuta wageni.
Jogoo juu ya bati la zahanati, shingo imerefuka, mkia umelowa.
Lori likipanda kilima, viazi vikigugumia guniani,
tandiboi amening'inia nyuma, shati limejaa upepo.
Ng'ombe wa kina Mwaisumo. (Huyo tulimwandika wote,
kamba shingoni, hakuna aliyeishika.)

Kisha ikaja insha, Siku Nisiyoisahau.
Nikaandika: Baba alikwenda Chunya.
Daftari likarudi. Mikono?
Baba alikwenda Chunya, beleshi begani,
mkono wa pili mfukoni.
Likarudi. Miguu?
Buti za mpira zikinyonya tope.
Likarudi.
Kichwa?

Ringi ya gari ikagongwa, wenzangu wakatoka kula mihogo,
mimi nikabaki, kalamu kati ya meno.
Nikaandika kwa herufi ndogo, pembeni kabisa:
kichwa wazi, manyunyu yakimtua nyweleni kama chumvi.

Sasa, Isongole nzima iliijua kofia ya baba yangu.
Ya sufu, kijani, kishada juu.
Hata kanisani mpaka mzee wa kanisa amkoholee ndipo aivue.
Mwalimu alisoma, kisha akasoma tena.
Safari hii hakutumia wino mwekundu.
Kwa penseli, hafifu, kama anayenong'ona:
Kofia ilikuwa wapi?

Sikujibu. Daftari likaisha, mwaka ukaisha.
Kutoka Chunya zilikuja barua mbili,
kisha hela kwa mkono wa mtu,
kisha yule mtu, mikono mitupu,
akisema machimbo yamehama na watu wamehama nayo.

Siku hizi naandika taarifa za kilimo za kata.
Mvua ilinyesha. Viazi vilioza. Wakulima walielimishwa.
Hakuna bosi anayeuliza mikono ya mtu ilikuwa wapi,
na mimi sijalalamika.

Lakini juzi nimekuta penseli ile bado inasomeka,
karatasi imegeuka manjano, panya wamekula pembe,
na nikakaa pale pale stoo, juu ya gunia la mbegu,
taa ya simu mdomoni,
nikamjibu:

Baba alikwenda Chunya, beleshi begani,
mkono mfukoni, buti zikinyonya tope,
kichwa wazi,
na mimi nyuma ya mlango, pumzi nimeibana,
kofia yake tumboni mwangu, chini ya sweta,
joto la kichwa chake halijatoka,
nikihesabu: atafika mtoni,
baridi itamng'ata masikio,
atajipapasa, atakumbuka,
atarudi