Jumamosi ya Mkanda

Walinifunga kidude kiunoni siku ya Jumatatu,
cheusi, kidogo kuliko kiberiti.
Mkanda wake ulitafuta kiuno
ukakuta kitambi, ukaongezwa tundu.
"Siku saba," alisema Bi Eliwaza wa utafiti,
"usikivue ila kwa kuoga.
Ishi tu kama unavyoishi."

Basi nikaishi.
Nikaketi kwenye basi la watumishi hadi Mtumba,
nikaketi masijala, kwenye kiti cha magurudumu
ninachokifahamu kuliko mgongo wangu:
jalada likiwa mbali najisukuma kwa kisigino,
nateleza, nalinyakua, narudi.
Chai ya saa nne na chapati mbili, nimeketi.
Chipsi mayai za saa saba huletwa mezani.
Jioni nikaketi kurudi, nikaketi kusikiliza taarifa ya habari,
nikainuka kwenda kulala.

Usinicheke.
Nilitoka Mvumi na mbavu za kuhesabika,
watu wakinionea huruma.
Leo nikienda msibani shangazi Mbeleje
hunishika shavu mbele ya waombolezaji:
"Ndahani, umenawiri! Mji umekukubali!"
Nani avue sifa hiyo
kwa ajili ya karatasi ya kliniki,
tisini na sita, na kalamu nyekundu pembeni?

Ijumaa haya zikanishika kidogo.
Kidude kinajua, niliwaza. Kimesinzia tangu Jumatatu.
Jumamosi alfajiri nikamwambia mke wangu,
"Nyemo, nibebee hiki hadi jioni, kinanibana."
Akakifunga juu ya kanga, hakuuliza.
Naye si mwembamba, tangu mtoto wa tatu;
mkanda ulishika tundu lilelile.

Jumanne, kliniki ya Makole,
Bi Eliwaza akanigeuzia kompyuta.
"Hizi ni siku zako."
Tambarare. Mbuga ya Bahi wakati wa kiangazi,
hata kichuguu hakuna.
"Na hii Jumamosi?"

Milima.
Saa kumi na moja na robo tayari mtu anapanda:
hilo ni bomba la jirani, nikajua,
ndoo ya kwanza, ya pili, ya sita.
Kilele cha saa tatu ni soko la Majengo
kwenda na kurudi, mlenda mkavu kichwani.
Kisha vilima vifupi vilivyobanana:
kufua, kuanika, kufagia kwa kuinama
vumbi la Nkuhungu, ambalo hurudi kabla ya fagio.
Saa nane panashuka.
Dakika kumi na moja za kuketi,
halafu mstari unaruka juu ghafla.
Nilikumbuka. Ndipo nilipomwita
aniletee maji ya kunywa.

"Siku hii ulikuwa wapi, Bwana Ndahani?"
Kwenye kochi.
"Shamba," nikajibu.
"Ajabu," alisema, kalamu mdomoni.
"Mtu anayetembea hivi, uzito huu unatoka wapi?"
Nilitaka kumwambia kwamba yupo, mama,
mtu wa hivi yupo, na uzito wake anao,
anakula saa nne usiku ukoko na makombo ya watoto,
amesimama,
na mizani yenu haijawahi kumuuliza
amebeba nini.
Nikasaini. Nikachukua nauli yao.

"Kimesemaje?" Nyemo aliuliza,
mikono imo kwenye unga wa uwele.
"Kimesema umechoka."
Akanitazama kama anayehesabu chenji,
akajifuta mikono,
akaenda kuketi kwenye kochi, upande wangu,
pale penye bonde.
Hakusema neno.

Nikashika ndoo.
Ya kwanza niliifikisha.
Ya pili niliitua njiani, nikaegemea ukuta wa watu,
moyo ukibisha kama mgeni mwenye haraka,
na watoto wa bombani, bila kutumwa na mtafiti yeyote,
wakaanza kunihesabia hatua kwa sauti:
tisa, kumi,
kumi,
bado kumi.