Kabla Zabibu Hazijaiva

Zimebaki wiki tatu Hombolo ianze kuvuna
na pikapu yangu bado inapanda kilima cha bwawani
kama mtu anayehesabu madeni.
Kreti arobaini nyuma, gia ya pili,
moshi mweusi unanifuata kama mkopeshaji.
Na zabibu hazisubiri:
jua la saa sita likizikuta njiani
zinaanza kulia chini ya kreti,
matone lami nzima,
na mpokeaji wa kiwandani anakata bei bila kunitazama.

Chiloleti wa duka la spea, Majengo,
alinitolea kidude kwenye boksi,
hakizidi kipande cha sabuni ya mche.
"Mama Nyemo, unachomeka hapa chini ya usukani,
unachagua: Kubana Mafuta. Mzigo. Nguvu.
Dakika kumi. Hukupenda? Unairudisha ilivyotoka kiwandani.
Ni chako, lala nacho ukitaka."
Laki nne na nusu.
Nikakipima mkononi. Mle ndani
mna ramani za injini zilizochorwa na watu
ambao hawajawahi kula vumbi letu la Agosti
wala kununua dizeli ya dumu kando ya barabara,
ile ambayo nusu yake Mungu ndiye anaijua.

Kizota yuko Yaredi Mheta.
Hana kibao. Ana laptopu iliyovunjika bawaba,
kaifunga kwa mpira wa baiskeli,
na bei yake laki tisa, hapunguzi.
"Sikuuzii nguvu," alisema. "Nakaa nalo kwanza."
Akapakia mawe uzito wa zabibu zangu,
akakaa kushoto, waya magotini.
"Kanyaga, mama. Usilionee huruma."

Tulipanda kilima mara tano.
Kila tukifika juu ananyamaza, anagusa namba moja,
moja tu, kama anayeonja chumvi ya mlenda,
tunashuka tena.

Mara ya pili akasema simama.
Akafungua boneti, nikapiga resi,
akapaka maji ya sabuni kwenye mpira wa tabo:
mapovu.
"Gari lako halina njaa. Linakohoa.
Kidude kingelilisha zaidi, lingekohoa zaidi."
Mpira, elfu thelathini na tano!
Nilicheka mpaka nikakaa chini vumbini.

Najua mtaniambia: ya dukani na ya kushonesha.
Lakini mimi nimeshonesha sana,
nikarudi nyumbani na gauni la kubana kwapa,
fundi kahamia Singida na vipimo vyangu kichwani.
Hilo ndilo lililoninyima usingizi.
Kidude hakihami. Kidude hakiugui malaria.
Gari likigoma usiku njia ya Mpunguzi,
Yaredi ana simu moja, na betri yake haifiki magharibi.

Nililipa laki tisa, mafungu matatu, kwa sharti.
"Faili la zamani, ulilolikuta kabla hujagusa kitu. Nipe."
Akanitazama kama nimemtukana.
Akapekua droo, nati na maganda ya karanga,
akapata flashi, akaiandika kwa kalamu: ZAMANI.
"Na la sasa?"
"La sasa ni jasho langu."
Jirani alikuwa anachomelea geti; tukasubiri cheche zipungue.
"Nikifa, siyo?" akauliza.
"Ukihamia Singida."
Ndipo alipocheka, akatoa flashi ya pili.
Hakuiandika chochote.

Zote mbili nimezifunga pembeni mwa khanga,
fundo moja, pamoja na hela ya dizeli.
Jana nimepanda kilima kwa gia ya tatu.
Moshi bado upo, mwembamba, kama wa jiko linalowashwa.
Lakini nilikuwa mtupu, na zabibu bado kijani.
Mzigo ndio utakaosema.