Pijo Halijui Mlima

Alfajiri, jua halijagusa bado bati la gereji,
Changawa yuko chini ya Pijo langu, miguu nje,
ndara moja ya buluu, moja ya kijani,
ananong'ona na vyuma kwa Kigiriama
kwa upole ambao mimi hajapata kunionyesha.

"Nipe kumi na saba."
Nampa kumi na nne.
"Nimesema kumi na saba, karani.
Huko kinuni, pamba za watu mwazipimaje?"

Oili ya zamani imetoka nyeusi, nzito,
kama kahawa ya matanga.
Plagi tumezisugua kwa petroli na mswaki wa mwanangu Fondo
(mwenyewe hajui; nitamnunulia mwingine).
Chumvi imeula mlango wa nyuma hadi kidole chapita,
basi tumekata debe la mafuta ya kula, tukaunga,
na hata sasa, ukiinama, chini ya rangi
utaiona picha ya mnazi.

Rejeta ndiyo niliyoiogopa.
Malindi ni sahani. Uende Gede, urudi Mambrui,
hupandi ila daraja la Sabaki.
Pijo hili halijui mlima.
Na sasa nataka lipande Timboroa,
mahali ambako, wasema, nyasi huamka na barafu,
kisha literemke hadi Bungoma kwa wakwe
ambao miaka kumi na tisa sijawapelekea hata jogoo.

Kumi na tisa. Naliaka hufundisha hesabu,
ila hii hajapata kunihesabia.
Mwaka wa kwanza nilisema klachi.
Mwaka wa pili, wallahi, ilikuwa klachi.
Kisha gasketi, kisha betri, kisha bei ya petroli.
Babake alipofariki nikasema kabureta,
naye akapanda basi la usiku peke yake
na kitenge kimoja begani.
Nikabaki nikiifungua kabureta isiyo na neno,
vipande kumi na viwili juu ya gazeti,
nikavisafisha kimoja kimoja hadi vikang'aa
kwa kuwa mtu lazima ashike kitu.

Changawa atoka mvunguni, ajifuta mikono
kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.
"Limekwisha."
Nauliza breki.
"Limekwisha."
Nauliza ile sauti, ile ti-ti-ti, nikikata kona ya kulia.
Aniangalia.
Angeweza kuitafuta, akaipata,
akaniuzia beringi mbili kwa mkopo.
"Karani, gari hili limepona tangu Mfungo Mosi.
Nalifungua na kulifunga
kwa sababu wewe waja."

Sikujibu. Nililipa.
Njia nzima hadi Barani nilikata kona za kulia makusudi,
nikitega sikio.

Nyumbani nafungua buti nitie jeki,
nakuta hakuna pa kuitia.
Madumu mawili ya maji. Kamba. Blanketi la sufu,
karatasi ya bei bado imening'inia.
Korosho, gunia dogo, mdomo umeshonwa
kwa mishono yake ile midogo, sawasawa kama jedwali.
Na chini kabisa, ndani ya soksi ya Fondo ya utotoni,
plagi nne ambazo hazijawahi kuwaka,
risiti imezizunguka, wino umefifia.
Naisogeza kwenye mwanga.
Ni mwaka ule wa kabureta.

Naliaka amesimama mlangoni,
viatu tayari miguuni, vya kamba, vya safari.
Nangoja aseme. Ana haki ya kusema
hadi tufike Mtito Andei.

"Tairi ya spea," asema. "Umeipima upepo?"

Sijaipima.
Tunashusha korosho, tunashusha blanketi,
tunaitoa wawili, yeye upande wake, mimi wangu.