Ni Hivi Tu

Nkwabi Lusangija hakuwa mchoyo, niseme kwanza hilo,
maana Mabatini walimsema:
anaficha, anataka kufa nayo, akawapigie minyoo.
Uongo. Mlango wake haukuwa hata na komeo.
Nilipanda kwake kila Alhamisi,
gitaa la kuazima begani,
nikipenya katikati ya mawe yale
yaliyobeba nyumba mgongoni,
na chini kabisa ziwa limelala kama bati jipya.

Anakaa juu ya kreti la soda. Anapiga.
Ee, anapiga!
Nyuzi sita zinaongea kama wanawake wa Mwaloni
siku dagaa wameshuka bei,
kila mmoja na lake, na hakuna anayemkata mwenzie.
"Umeona?"
"Sijaona."
"Ni hivi tu."
Anarudia, na kurudia kwake ni kasi ileile.

Nikauliza: kidole cha pete kinatua kabla ya cha kati, au baada?
Akanitazama kama niliyemuuliza
huwa anameza mate kwa upande gani.
Akajaribu polepole, anihesabie,
moja… mbili…
na mkono ule, mkono uliowahi kuamsha ukumbi mzima Kirumba,
ukajikwaa.
Uzi ukalia kama mlango wa choo.
Hatukusema kitu.
Akaliweka gitaa chini, akaenda kutazama kama maharage yameiva.
Maharage alikuwa ameyabandika muda uleule.

Nikateremka nikivilaumu vidole vyangu.
Njiani mgeni mmoja, ameshika bahasha ya Bugando,
akaniuliza njia ya kwenda kwa Mama Ntobi wa cherehani.
Nikafungua mdomo.
Napita pale tangu nina miaka minne, usiku, bila tochi,
na sikuwa na neno.
Jiwe gani linateleza? Unashika wapi? Mfereji uko kushoto?
Miguu inajua, mimi sijui.
"Nifuate tu," nikamwambia,
nikaenda kwa mazoea,
nilipogeuka hayupo.
Nilimkuta huko nyuma, amekaa juu ya jiwe,
anasugua kifundo cha mguu.

Aliyenifundisha ni Malimi, mpiga rizimu,
ambaye hakuna aliyewahi kumnunulia bia kwa sababu ya gitaa.
Mshona katambuga wa Igogo, mzito wa mkono;
kodi moja (si ya serikali) ilimtoa jasho miaka miwili.
Lakini kila jiwe lililomng'oa kucha
alilijua kwa jina.
"Shusha kiwiko. Mimi nilikiinua kama kuku anayetaka kuruka,
mwezi mzima.
Gumba usilikaze. Patauma hapa, kisha hapa,
halafu utadhani umeiweza. Bado.
Rudi Jumapili."
Nikarudi Jumapili nyingi.
Sugu ikaota, na kitu fulani kikafunguka,
sijui kipi.

Na hapo ndipo penyewe: sijui kipi.
Sasa soda nanunuliwa mimi,
na mtoto wa dada yangu, Kabula, miaka kumi,
juzi kaniuliza, shangazi, unafanyaje hapo?
Nikausikia mdomo wangu:
"Ni hivi tu."
Akaitikia kwa adabu, kama nilivyokuwa nikiitikia.

Usiku nikaligeuza gitaa,
shingo kuume, nyuzi nene chini,
mkono wa kulia nikaupa kazi usiyoijua.
Ng'ombe ndani ya mtumbwi.
Kiwiko kikapanda chenyewe. Nikakiona!
Gumba likakaza. Nikaandika nyuma ya risiti ya luku: gumba.
Cha pete kikatua kwanza, kikakosea,
kikatua baada, kikakosea vilevile,
nikaandika na hilo.
Saa sita ikapita. Uzi ukalia ule mlio wa choo.
Jirani akagonga ukuta:
"Nani anajifunza humo ndani usiku huu?"

"Ni mimi," nikasema.
"Samahani. Ni mimi."