Mashine ya Kufulia

Kinanda cha kanisa kilikohoa tangu Pasaka,
na Gwilym, mweka hazina, alikwisha kutunza bahasha:
pauni elfu moja na mia mbili, za kukitibu.

Ndipo Mair, mpishi wa shule,
akasimama kikaoni na aproni yake kiunoni:
“Yuko mtoto, simtaji,
kiti chake ni cha mwisho, ubavuni pa dirisha.
Dirisha hulifungua mwenyewe, hata theluji ikianguka,
wenzake wasimnuse.
Kwao umeme ni wa kadi,
na kadi hufa Jumanne.”

Kimya. Mvua ya Wales ilitwanga vigae.
Nami, mchungaji, nakiri, nilikuja na sala mfukoni,
ndefu, imepigwa pasi.
Lakini mkono mtupu haulambwi,
na sala yangu haikuwa na sabuni.

Leo chumba cha majoho ya kwaya kina mashine mbili.
Kila Alhamisi mlango wa nyuma hauna komeo,
wala daftari, wala wa kuuliza
nani kabatizwa, nani baba yake.
Mifuko huingia imefungwa, hutoka imekunjwa,
soksi kila moja na pacha wake.
Gwilym ndiye huzioanisha,
Gwilym yule aliyepiga kura ya hapana,
miwani puani, akinung'unika juu ya bili ya maji.

Kinanda kingali kinakohoa. Tunaimba juu yake.

Juzi nilipita shuleni, theluji ikidondoka.
Nikahesabu madirisha, moja moja.
Yote yamefungwa.