Sentimita Kumi na Tisa

Bwana Ödön, daftari zako zimenifikia hapa Szeged
ndani ya masanduku manne ya tufaha,
na bado zinanukia tufaha.
Miaka thelathini na minane, kila asubuhi saa moja,
kina cha Tisza kwa mkono wako mwembamba,
hata siku uliyoandika pembeni:
Mama kazikwa. 212.

Nimeilisha mashine tarakimu zako zote.
Mashine haijui msiba.
Iliupepeta mto kama mchele:
mawimbi ya siku huku, ya mwezi kule,
na yale mapana, mazito, ya miaka kumi,
yapitayo chini bila kumlowesha mtu.

Kisha nguvu dhidi ya masafa, logi kwa logi,
na madoa yakajipanga mstari,
yakipanda kushoto, kwenye upande wa polepole,
yakipanda na kukataa kutulia.
Mteremko: hasi moja na ushei.
Nikampigia Gergő usiku wa manane:
mto una kumbukumbu!
Mvua ya babu ingali ikimnong'oneza mjukuu!

Gergő alipiga miayo.
"Rula humpendelea anayeishika.
Umeanzia wapi kupima, ukaishia wapi?
Ukikata mwaka mmoja, mteremko unabaki?"

Nikakata. Ukabaki.
Nikazichanganya siku kama karata,
ikatoka kelele nyeupe, isiyomkumbuka yeyote.
Nikazirudisha mahali pake, mstari ukasimama tena.
Nilikuwa nimeshaanza kuandika ripoti
nilipoufikia Machi ya sitini na tatu,
ukurasa ambao wino unabadilika rangi
na mto, usiku mmoja, bila tone la mvua,
unapanda sentimita kumi na tisa
na haushuki nazo tena.

Barafu iliung'oa ubao wa kupimia, sivyo?
Ukaupigilia upya, peke yako, gizani, kwa kukisia,
chini kidogo ya ulipokuwa.
Ukaogopa kuandika.

Nimeziondoa, Bwana Ödön,
katika kila asubuhi iliyofuata.
Mstari umeinama kushoto
kama shingo ya mtu aliyeulizwa swali.
Kumbukumbu imesalia, lakini fupi zaidi;
sehemu ya ule urefu haikuwa ya mto,
ilikuwa siri yako,
ikijirudia kila saa moja kwa miaka ishirini na mmoja.

Hata ile siku ya mama yako imebidi.
193.
Samahani.