Rika la Yai

Mkono wangu umo ndani ya punda hadi kiwiko:
glavu, sabuni, subira.
Ovari ya kushoto imesinyaa
kama kunde iliyosahauliwa juani.
Ya kulia ina kipovu kimoja, laini,
bado kinabishana na kalenda.

Holo ameshika kamba.
"Miaka kumi na tisa kabeba mchanga.
Nusu ya nyumba za Kayenze zimepita mgongoni mwake.
Atazaa tena?"

Namwambia: huku kwetu karibu na ikweta
jua halimpangii punda msimu.
Ubongo unatuma homoni mwaka mzima,
zinapiga hodi, zinapiga hodi,
ila mji wa mimba umekuwa mzito wa kuitika,
na yai, dada yangu, halizaliwi jana:
yai ni rika la mama.

Holo anacheka. Anajipepea kwa daftari la mauzo,
jasho shingoni,
ingawa upepo wa ziwa asubuhi hii ni wa baridi.
"Basi tumpunguzie mzigo," anasema,
hasemi wa nani.

Natoa mkono. Naandika: *mimba, shaka*.

Kule kwenye vichanja vya dagaa dume linalia.
Punda anageuza sikio.
Moja tu.